Kiwimbi juu ya herufi iliyolala: fonti nzito za Kitui na Makueni

Kama umewahi kupanda gari katika kile kituo cha Nairobi ambacho wasafiri hukiita Machakos Airport, basi unazijua herufi ninazotaka kuziongelea leo, hata kama hujawahi kuuliza jina lake. Ni herufi nene, kubwa, zimelala kuelekea kulia kama mtu anayetembea dhidi ya upepo. Hazina vijimkia miishoni. Mviringo pia hazina: O imekatwa pembe nane, S inafanana na radi, na C ni kama bano la chuma. Utaziona ubavuni mwa mabasi ya Kitui, juu ya maduka ya vifaa vya ujenzi pale Wote, kwenye mabango ya mikutano ya injili, na kila miaka mitano kwenye nyuso za wagombea.

Wanaonitembelea hapa mara kwa mara wanajua kwamba kawaida naandika kuhusu programu, hifadhidata na maudhi ya kazi hii. Leo ni historia, vumilieni. Nimekuwa nikiandika kaprogramu kadogo ka kukagua fonti, na kila nilipochimba kwa nini kanatoa majibu yale yale nilijikuta nyuma zaidi: miaka ya 1990, kisha 1930, kisha 1849. Jibu lenyewe ni fupi. Herufi inayopiga kelele kuliko zote Kitui na Makueni ndiyo isiyoweza kuandika majina ya Kitui na Makueni.

Tuanze na sauti, maana bila sauti hakuna herufi. Kiswahili kina irabu tano. Kikamba kina saba: zile tano tunazozijua, pamoja na ĩ na ũ. Ile ĩ hukaa kati ya i na e, na ũ hukaa kati ya u na o. Msomaji wa Tanga au Mombasa akimsikia mama wa Mbooni akisema "mũndũ", yaani mtu, atadhani amesikia kitu karibu na "mondo". Hajakosea sana. Sikio lake halina droo ya kuiwekea sauti ile, kwa hiyo linaiweka kwenye droo ya jirani. Kile kialama cha juu, ambacho mimi nitakiita kiwimbi, ndicho kinachokuambia hii si i, hii si u.

Kiwimbi hakijajificha kwenye msamiati wa nadra. Kimo kwenye viambishi, yaani kwenye mifupa ya lugha. Mũ- ya watu na miti ina kiwimbi, mĩ- ya wingi wa miti ina kiwimbi, kĩ- ya vitu na lugha ina kiwimbi, na ile -nĩ ya mahali, ndugu ya -ni yetu ya "nyumbani", nayo ina kiwimbi. Kwa hiyo Kitui huanza nacho na Makueni huishia nacho. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 katika kaunti ya Kitui na 987,653 katika kaunti ya Makueni, na Wakamba kote nchini walikuwa 4,663,910. Lugha ya watu wengi hivyo haiwezi kuitwa ya pembezoni. (Mji wa Wote ndio wenye bahati. Hauna i wala u, kwa hiyo fonti yoyote duniani inaweza kuuandika.)

Sasa 1849. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa akitumwa na shirika la CMS la Uingereza na kuishi Rabai karibu na Mombasa, alisafiri hadi Kitui, kwa mfanyabiashara mashuhuri Kivoi. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa kule, aliuona mlima wenye theluji. Aliuliza jina, akaandika alivyosikia: Kenia, na mahali pengine Kegnia. Maelezo ya kawaida ni kwamba jina la Kikamba lilikuwa Kĩnyaa, na inasemekana linatokana na nyaa, mbuni, kwa sababu weusi wa mawe na weupe wa theluji vinafanana na manyoya ya mbuni dume. Iwe ni mbuni au la, angalia hiyo irabu ya kwanza. Krapf hakuwa na droo ya ĩ. Angeweza kuandika i, angeweza kuandika e. Akaandika e.

Kwa maneno mengine, ile e iliyo kwenye pasipoti yangu, kwenye noti, na kwenye jezi za wanariadha wetu huko Olimpiki, ni ĩ ya Kikamba iliyovaa nguo za kuazima. Nchi nzima ilipata jina lake kwa sababu ya uhaba wa herufi. Mimi huwa nacheka peke yangu nikiwaza hivyo, nikiwa ndani ya basi lililoandikwa "Kitui" ubavuni bila kiwimbi.

Krapf alirudi Ulaya, na mwaka 1850 Injili ya Marko kwa Kikamba ikapigwa chapa Tübingen, karibu na kijiji alikozaliwa. Ndiyo maandishi ya kwanza ya Kikamba yaliyochapishwa. Baada yake walikuja wengine na masikio mengine. Walutheri wa Leipzig walikuwa Ikutha, kusini mwa Kitui, miaka ya 1890. Wamarekani wa Africa Inland Mission walifungua kituo chao cha kwanza Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka 1895 chini ya Peter Cameron Scott, ambaye alifariki Desemba mwaka uliofuata. Agano Jipya la Kikamba lilitoka 1920 na Biblia nzima 1956. Katika njia hiyo ndefu Kikamba, kama Gĩkũyũ, kikatulia kwenye kiwimbi.

Haikuwa lazima iwe hivyo, na hapa ndipo mimi kama mtu wa kompyuta nakuna kichwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 taasisi ya lugha na tamaduni za Kiafrika iliyokuwa London ilitoa mwongozo wa kuandika lugha za bara hili. Ushauri wake mkubwa ulikuwa: epukeni alama za juu na chini ya herufi, zinamchosha msomaji na mpiga chapa, tengenezeni herufi mpya kamili, kama ɛ na ɔ. Kwa mfumo huo, e yetu ya kawaida ingekuwa ɛ, na ĩ ingeandikwa e bila pambo lolote. Kikamba na Gĩkũyũ hazikuhama. Nani alikuwa sahihi? Wakati ule, wa London. Leo nadhani tuliobaki na kiwimbi tulipona, kwa sababu nitakayoieleza tukifika Vietnam. Ndiyo, Vietnam. Subiri.

Kwanza tuende kwa wachoraji. Kabla ya mashine za stika, kila bango la Kitui na Makueni lilichorwa kwa mkono, na herufi za aina hii zilitokana na vifaa vilivyokuwepo. Brashi bapa hupiga mstari mnyoofu kwa mkupuo mmoja; mviringo unahitaji mikupuo mitatu na mkono usiotetemeka. Uzi uliopakwa chaki, ukiuvuta na kuuachia ukutani, unakupa mstari mnyoofu tu. Ukitaka kukata kigezo cha plastiki kwa wembe, kona ni rahisi kuliko mduara. Kwa hiyo zile pembe zilizaliwa na uchumi wa kazi, kabla mtu yeyote hajaziita za kisasa. Unene nao una sababu: bango linasomwa na mtu aliye upande wa pili wa barabara, ndani ya gari linalokimbia, vumbi likiwa katikati.

Na kulala? Kulala ni mwendo. Huko Ulaya herufi za mlazo zilianza kama jambo la adabu kabisa: Venice, mwaka 1501, kiwanda cha Aldus Manutius, herufi zilizochongwa na Francesco Griffo ili vitabu vidogo vifanane na mwandiko mzuri wa mkono. Herufi zisizo na vijimkia zilikuja baadaye sana. Za kwanza kuuzwa kama chapa ni za William Caslon IV wa London, 1816, herufi kubwa tu. Ukizikutanisha hizo mbili, ukaongeza unene na kuondoa mviringo, unapata herufi ambayo haina adabu hata kidogo, na ndiyo maana inapendwa na magari, michezo na matangazo.

Lakini kuna kichekesho ambacho wengi hawakigundui. Herufi hulala kulia. Sisi tunaendesha gari upande wa kushoto wa barabara na mlango wa abiria uko kushoto. Simama upande wa dereva utazame basi: mbele iko kulia kwako, herufi zinalala kuelekea mbele, gari linaonekana linakimbia hata likiwa limeegeshwa. Sasa zunguka upande wa mlango, pale makanga anapoita watu. Mbele iko kushoto kwako, na herufi zile zile zinalala kuelekea nyuma. Basi linakwenda Mwingi, jina lake linarudi Nairobi. Nimeona mabasi machache ambayo mchoraji alilijua hilo, akalaza herufi za upande wa mlango kinyume, kushoto. Inasomeka vibaya kidogo, lakini namvulia kofia.

Serikali nayo iliingia kwenye historia hii ya herufi. Sheria za matatu za waziri John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zinakumbukwa kwa mikanda na vidhibiti mwendo, lakini zilibadilisha pia uso wa magari: michoro ikapigwa marufuku, ukanda wa manjano ukawa lazima, na majina ya njia yakaandikwa humo. Michoro ilisamehewa mwishoni mwa 2014, Rais Uhuru Kenyatta alipotaka vijana wanaochora magari waachwe wafanye kazi yao. Miaka hiyo kumi ilitosha kuua kizazi cha brashi. Wakati michoro inaruhusiwa tena, brashi ilikuwa imeshapokwa kazi na kompyuta na mashine ya kukatia stika. Na ule ukanda wa manjano ni mwembamba. Herufi kubwa zikiujaza kutoka ukingo hadi ukingo, kiwimbi hakina pa kukaa.

Hapo ndipo tunaingia kwenye uwanja wangu.

Kiwango cha ASCII cha Marekani, cha 1963, kilikuwa na nafasi 128 tu. Marekebisho ya 1967 yaliingiza ile alama ~ ambayo iko kwenye kibodi yako mpaka leo. Wazo moja la wakati ule lilikuwa kwamba utaandika herufi, utarudi nyuma hatua moja kama kwenye taipureta, kisha utapiga ~ juu yake. Skrini zikaja, na skrini haipigi herufi juu ya herufi. Inafuta ya kwanza. Wazo likafa.

Mwaka 1987 likaja ISO 8859-1, seti ya Ulaya Magharibi, na Windows ikajenga seti yake juu ya hiyo. Fungua jedwali lake. Utakuta ã, utakuta õ, utakuta ñ. Kiwimbi kipo! Kipo kwa ajili ya Mreno na Mhispania. Juu ya i na juu ya u hakipo, kwa sababu hakuna aliyekuwa chumbani aliyekihitaji hapo. Windows ilikuwa hata na kile kiwimbi kidogo peke yake, ˜, nafasi ya 152, kimekaa kama kofia isiyo na kichwa.

Waliokuwa na ĩ na ũ ni wengine kabisa. Seti ya ISO 8859-4, ya 1988, ilizibeba zote mbili pamoja na herufi kubwa zake. Kwa ajili ya nani? Greenland. Wenyeji wa barafu walikuwa na ĩ na ũ katika mfumo wao wa zamani wa kuandika, mfumo ambao walikuwa wameuacha rasmi tangu 1973. Yaani kompyuta zilipewa herufi za Kikamba kwa niaba ya watu ambao walikuwa wameshazitupa miaka kumi na mitano kabla. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliinuka nikatembea kidogo.

Unicode ilipotoka 1991 ilikusanya seti zote za zamani, na ĩ na ũ zikaingia kwa mlango huo. Ni namba 296 na 297 kwa Ĩ na ĩ, 360 na 361 kwa Ũ na ũ. Nne tu. Kuanzia hapo tatizo la kuhifadhi maandishi liliisha kwenye karatasi za viwango. Likabaki tatizo la kuyaonyesha, na hilo ni la mwenye fonti.

Katikati ya haya kulikuwa na simu. Watu wengi wa Kitui na Makueni hawakukutana na maandishi ya kidijitali kwenye kompyuta, walikutana nayo kwenye SMS. Seti ya kawaida ya GSM ina ñ. Haina ĩ wala ũ. Ukiweka hata kiwimbi kimoja kwenye ujumbe wako, simu inahamia seti nyingine inayotumia nafasi zaidi kwa kila herufi, na ujumbe wa herufi 160 unakuwa wa herufi 70. Salamu ndefu kidogo iliyokuwa SMS moja inakuwa tatu, na unalipia tatu. Kwa hiyo kizazi changu kilijifunza kuandika Kikamba bila viwimbi, na tukajifunza kwa mfuko. Leo WhatsApp haijali, kiwimbi ni bure, lakini vidole vimeshazoea. Redio inayosikilizwa sana Ukambani jina lake ni neno la nyumbani, mũsyĩ, na kila mtu huliandika Musyi FM.

Hata vitabu havikupona. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931 na kufariki 2019, ulimwengu unamjua kwa vitabu vyake vya Kiingereza kuhusu dini za Kiafrika. Lakini mwaka 1954 alikuwa ameshatoa kitabu cha Kikamba, Mũtũnga na Ngewa Yake, na uzeeni alitafsiri Agano Jipya moja kwa moja kutoka Kigiriki, likatoka 2014. Mtafute kwenye katalogi za maktaba kubwa: utakutana na "Mutunga". Mtu aliyehangaika na kila lafudhi ya Kigiriki, mashine za maktaba zikamla viwimbi vyake viwili.

Rudi sasa kwenye duka la stika. Fonti za kusomea, kama Arial na Times New Roman za Windows, zilipata ĩ na ũ mapema, kwa sababu Microsoft iliweka orodha ya herufi za Ulaya yote na zile za Greenland zikaingia na msafara. Fonti za mabango ni habari nyingine. Nyingi zilichorwa na mtu mmoja, zikagawiwa bure kwenye tovuti za fonti, na mtu huyo alichora A hadi Z, tarakimu, pengine é na ñ, akaenda kulala. Hizo ndizo zilizojaa kwenye CD zilizozunguka maduka yetu, na hizo ndizo zilizolaza herufi za Ukambani yote.

Mama yangu mdogo alifungua duka Makueni na jina alilochagua lina neno mũsyĩ. Alitaka herufi za mabasi, nene, zilizolala, nyekundu. Nililipeleka jina kwenye duka moja la mabango nikiwa nimeliandika sawasawa kwenye faili. Jaribio la kwanza lililotoka lilikuwa na M nene iliyolala, kisha Ũ nyembamba iliyosimama wima, kisha S na Y nene zilizolala, kisha Ĩ nyembamba iliyosimama wima. Programu ilipokosa Ũ kwenye fonti iliazima kutoka fonti nyingine bila kuuliza. Ilionekana kama mdomo wenye meno mawili ya bandia. Kijana wa mashine akatoa suluhisho analotoa kila siku: "Tuondoe hivyo vitu vya juu, aunty, watu wataelewa tu." Na kweli wangeelewa. Mama mdogo akamjibu kwamba yeye hauzi vitu kwa watu wa kuelewa tu, na kwamba jina lake amelilipia lote.

Huyo kijana simlaumu sana. Anakula kwa kasi ya kazi yake. Lakini tangu 2019, mtaala wa umilisi ulipoanza kote nchini, mtoto wa darasa la kwanza kule Kibwezi anafundishwa kusoma kwa lugha ya nyumbani, na mwalimu anamwambia ĩ na i ni herufi mbili tofauti. Anatoka darasani, na katika mji mzima hakuna ukuta hata mmoja unaomuunga mkono mwalimu wake. Mtoto huamini kuta.

Kwa hiyo niliandika ile programu. Unaipa folda ya fonti, inazifungua moja moja na kuuliza: una 296? 297? 360? 361? Kisha inaangalia kama kuna herufi iliyopo kwa jina tu na tupu ndani, maana hizo pia zipo. Nikaielekeza kwenye folda yangu ya fonti nene za mlazo. Nyingi zilianguka, na karibu zote zilizofaulu zilikuwa na kitu kimoja cha pamoja: zilitengenezwa zikimfikiria Mvietnam.

Hii ndiyo Vietnam niliyoahidi. Kivietnam huandikwa kwa herufi za Kilatini tangu wamisionari wa karne ya 17. Kamusi ya Alexandre de Rhodes ilichapwa Roma 1651. Kiwimbi kwao ni toni, na hukaa juu ya irabu zao zote, ĩ na ũ zikiwemo. Vietnam ni soko la watu karibu milioni mia moja wanaonunua simu, kwa hiyo kampuni za fonti zinawajali. Ndipo siri ndogo ambayo namwambia kila mchapishaji ninayemjua: ukienda Google Fonts kutafuta fonti ya bango la Kikamba au Gĩkũyũ, usihangaike kutafuta Afrika, chagua lugha ya Vietnamese kwenye kichujio. Kila kitakachobaki kitakuandikia mũsyĩ. Tungefuata ushauri wa London wa kutumia ɛ na ɔ, hakuna Mvietnam ambaye angetubeba.

Kama fonti unayoipenda haimo, na leseni yake inaruhusu (zenye leseni ya SIL zinaruhusu, mradi ubadilishe jina ukiigawa kama jina hilo limehifadhiwa), unaweza kuiongezea mwenyewe kwa FontForge, ambayo ni ya bure. Herufi za mabango huwa kubwa, kwa hiyo hata ile shida ya kuondoa nukta ya i haipo. I kubwa haina nukta. Ila kulala kuna hesabu yake. Chukua herufi yenye kimo cha vizio 700 iliyolala digrii 14. Kilele chake kimesogea kulia karibu vizio 175. Kiwimbi kinachoelea vizio 100 juu ya kilele kinahitaji kusogea vizio 25 zaidi. Ukikiweka katikati kwa macho ya herufi wima, kitaonekana kimeteleza nyuma, kama kofia iliyopeperushwa. Pia usilaze kiwimbi cha mviringo ukidhani umemaliza. Fonti isiyo na mviringo inataka kiwimbi kisicho na mviringo: panda, shuka, panda, mistari mitatu yenye kona, unene wa kutosha kisizibwe na vumbi la mwezi mmoja.

Kilichonisumbua zaidi ni kimo. Ũ kubwa yenye kiwimbi hutoboa mstari wa juu, na bango halina nafasi ya juu, iwe ni ukanda wa manjano au ubao wa futi mbili. Nilijaribu kupunguza herufi zote, bango likanyong'onyea. Jibu nililipata kwenye ukuta wa zamani pale Wote, wa duka lililokwisha kufungwa, rangi imebabuka lakini maneno bado yanasomeka. Mchoraji alikuwa ameangusha kiwimbi ndani ya mdomo wa U, kati ya mikono yake miwili, kikakaa kama yai kwenye kiota. Na I alikuwa ameifupisha kwa juu, akaweka kiwimbi pale alipokata, kwa hiyo mstari wote ulikuwa na kimo kimoja. Nilimuuliza mzee mmoja aliyekuwa akishona viatu kibarazani kama anamjua aliyechora. "Kijana, huyo alilipwa kwa herufi," akaniambia, "angeacha kitu nje angelipwa kidogo."

Nimezichora hizo mbili, Ũ yenye kiota na Ĩ iliyokatwa, kama herufi mbadala ndani ya fonti ninayoitumia, na programu ya kupanga maandishi huzichagua yenyewe mstari ukiwa wa herufi kubwa. Bango la mama mdogo lilikatwa kwa hizo. M bado ni nene mno ukilinganisha na Ĩ, na upande wa kushoto wa U unahitaji kunyofolewa kidogo; kulaza herufi kwa hesabu tupu hunenepesha mstari mmoja na kukondesha mwingine, jambo ambalo mchoraji wa brashi hulirekebisha bila kufikiri. Hiyo ndiyo kazi ya wikendi hii.